Gia Ambayo Babu Hakuijua

Kotapini ikikataa kutoka, usiipige kwa hasira. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa kwenye gereji moja huko Beeston, kando ya Nottingham, Uingereza, na ndilo la kwanza nililolipuuza. Kotapini ni kile kipini cha chuma kinachobana mkono wa pedali ya baiskeli kwenye ekseli ya katikati. Kikikaa miaka 40 bila kuguswa kinashikana na chuma mwenzake utadhani vimetoka tumbo moja. Nilishusha nyundo mara tatu. Ncha ya kipini ikatanuka kama uyoga, na mzee mwenye gereji akaweka kikombe chake cha chai mezani polepole sana, kama mtu anayejizuia kutukana.

"Umeshaivisha kofia," akasema. "Mimi ningeitoa kwa dakika 2. Sasa itabidi tuitoboe kwa drili, na chai itapoa."

Chai ilipoa kweli. Tulitoboa, tukavunja kipande cha drili, tukatoboa tena. Ilipotoka hatimaye, vipande viwili vyenye kutu vikaanguka sakafuni, na watu waliokuwa mle ndani wakapiga makofi kana kwamba mtoto amezaliwa. Nikajua nimeangukia kwa wenyewe.

Nilifikaje huko? Kwa shida ya kawaida tu. Nilikuwa nikifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na basi la alfajiri siku za Jumapili ni hadithi ya kusadikika. Mama mmoja alikuwa akitoa vitu kwenye nyumba ya marehemu baba yake, nikaona baiskeli ya kijani imeegemea ukuta. Raleigh Sports, madigadi ya chuma, tandiko la ngozi limekauka kama kiatu kilichosahaulika juani. Alitaka paundi 25, lakini kabla ya kupokea pesa aliniuliza: utaipanda, au utaifungua uuze vipande? Nilimwambia nitaipanda kwenda kazini. Akaniongezea pampu bure.

Niliipanda wiki mbili. Siku ya kumi na nne waya wa gia ukakatika nikiwa chini ya daraja la reli, mvua inanyesha, na mzee mmoja aliyekuwa akipita kwa miguu akasimama, akainama, akalitazama gurudumu la nyuma kabla hajanitazama mimi. Hakuuliza natoka nchi gani, swali ambalo huku huwa la kwanza. Aliuliza: "Habu ya mwaka gani hiyo?"

Sikujua kama habu ina mwaka. Akatoa leso, akafuta matope kwenye kile kitumba cha katikati ya gurudumu, akanionyesha. Maandishi ya kampuni ya Sturmey-Archer, herufi AW, halafu namba: 62 na 8. Agosti 1962. Habu za miaka hiyo zilipigwa muhuri wa mwaka na mwezi kiwandani, kama cheti cha kuzaliwa. Ndipo akanielekeza gereji yake.

Tuko kumi na kitu, hatuna katiba wala mwenyekiti. Jumamosi tunatengeneza, na Jumapili moja kila mwezi tunatoka. Yupo nesi mstaafu, yupo mwalimu wa fizikia asiyeweza kueleza jambo lolote bila kuchora duara, yupo baba na binti yake wa miaka 14 ambaye ndiye mwenye mikono mizuri kuliko sisi wote, na yupo bwana mmoja ambaye wazazi wake walitoka Punjab. Masharti ni mawili tu: baiskeli iwe imetengenezwa Uingereza, na iwe na gia tatu za ndani ya habu. Mwenye baiskeli ya gia 21 anakaribishwa kunywa chai.

Yule bwana wa Punjab na mimi tulielewana siku ya kwanza. Wengine walipokuwa wakizungumzia baiskeli hizi kama vitu vya sanaa, sisi tulitazamana. Kwao babu yake alibebea maziwa. Kwetu Muheza niliona baiskeli za aina hiyo zikibeba magunia mawili ya mkaa, jeneza, mama mjamzito, na mara moja kitanda kizima pamoja na godoro lake. Hakuna aliyeziita za kale. Ziliitwa baiskeli.

Nottingham ndiko zilikozaliwa, na kundi letu halikuachi usahau. Frank Bowden alirudi Uingereza kutoka Hong Kong akiwa mgonjwa, daktari akamshauri apande baiskeli, akapona, akavutiwa kiasi kwamba mwaka 1887 alitia fedha kwenye karakana ndogo iliyokuwa kwenye mtaa uitwao Raleigh. Mtaa tu! Yaani jina ambalo babu yangu alilitamka "Rali" kwa heshima ya jina la nabii lilikuwa jina la mtaa, kama vile baiskeli ingeitwa Mchikichini. Miaka kumi haikupita kiwanda kikawa kikubwa kuliko vyote vya baiskeli duniani.

Gia zenyewe zina kisa kinachonifurahisha zaidi, kwa sababu kina dhuluma ndogo ndani yake. Sturmey na Archer walikuwa watu halisi, lakini fundi aliyebuni habu iliyofanya kazi vizuri mwaka 1902 aliitwa William Reilly. Reilly alikuwa amefungwa na mkataba wa gia yake ya awali ya kasi mbili, basi hataza mpya, yaani hati ya haki ya ubunifu, ikaandikishwa kwa jina la mwenzake James Archer. Jina likabaki hivyo. Mzee wetu wa gereji, kila anapofungua habu, husema "habari za asubuhi, Bwana Reilly". Wageni hudhani amechanganyikiwa.

Habu ya AW ilitoka mwaka 1936, na kwa sehemu kubwa ikabaki ilivyo kwa miongo mingi, kiasi kwamba kigia cha mwaka 1950 unaweza kukipachika ndani ya habu ya mwaka 1975 na maisha yakaendelea. Nilifunguliwa ya kwangu juu ya gazeti. Katikati kuna gia iliyokazwa kwenye ekseli, haizunguki kabisa, ina meno 20. Wanaiita gia jua. Pembeni yake kuna vigia vinne, navyo vya meno 20 kila kimoja, vinalizunguka jua lile kama watoto wanaocheza wakishikana mikono. Na vyote vimo ndani ya pete yenye meno 60 upande wa ndani. Basi, ndiyo mashine nzima. Nguvu ikiingilia kwenye fremu inayobeba vile vigia vinne na kutokea kwenye pete, gurudumu linazunguka mara moja na theluthi kwa kila mzunguko wa sproketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo. Hiyo ni gia ya tatu. Igeuze: iingilie kwenye pete, itokee kwenye vigia, unapata robo tatu ya mzunguko, nayo ni gia ya kwanza, ya mlimani. Ya pili ni moja kwa moja, hakuna kuongeza wala kupunguza.

Kinachochagua ni kitu kidogo cha kuchekesha: kinyororo chembamba kama mkufu wa mtoto, kinachoingia kwenye tundu la ekseli upande wa kulia. Waya ukivutwa mpaka mwisho, kinyororo kinavuta klachi ya ndani, upo gia ya kwanza. Ukilegea kabisa, upo ya tatu. Mzee alikifungua kinyororo cha baiskeli yangu, akakiweka kiganjani mwangu.

Nikanyamaza muda mrefu. Yule binti akaniuliza kama nimeumia.

Nilikuwa nimekiona kinyororo kile maisha yangu yote ya utotoni. Kilining'inia kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli ya babu, kimefungwa kwa uzi wa mkonge ili kisiingie kwenye njiti. Chini ya tandiko, kwenye paipu ya fremu, palikuwa na kapi dogo lisilopitisha kitu chochote. Sisi wajukuu tulilizungusha kwa kidole wakati babu amelala. Kinyororo tulikatazwa kukigusa. Nilipouliza ni cha nini, niliambiwa ni urembo, Wazungu wanapenda urembo.

Babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Baiskeli aliinunua kwa msimamizi wa shamba, Mgiriki, aliyekuwa anaondoka karibu na Uhuru, na alilipa kwa kukatwa mshahara, miezi mingapi ilikuwa inategemea hasira zake siku anayosimulia. Inawezekana waya ulikuwa umeshakatika alipoinunua. Inawezekana ulikatika baadaye na hakukuwa na wa kuubadilisha, maana mafundi wetu walizijua breki za vyuma, walijua friwili, walijua gololi, lakini hii haikuwa na friwili ya kawaida. Mtambo wote ulikuwa umefichwa ndani ya habu, nayo habu haikuharibika, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuifungua.

"Bila waya inafanyaje?" nilimuuliza mzee, ingawa jibu nilikuwa nalo mkononi.

"Springi inaisukuma mpaka gia ya tatu. Inakaa hapo milele."

Mwalimu wa fizikia akachora duara lake. Baiskeli kubwa ya magurudumu ya inchi 28, sproketi ya mbele ya meno 46, ya nyuma ya meno 18, ambavyo ndivyo zilivyokuwa nyingi: kwenye gia ya pili kila mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka karibu mita 5.7. Kwenye ya kwanza mita 4.3. Kwenye ya tatu mita 7.6. Gia ya tatu ni ya tambarare, upepo ukiwa mgongoni, bila mzigo. Babu aliipanda hiyo kwa miaka 30 na ushei, kutoka kijijini kwenda Muheza mjini, ndoo ya samli kwenye keria na mjukuu kwenye paipu. Kila kilima alishuka akasukuma. Tulidhani baiskeli ndivyo zilivyo.

Na hakuacha kuitia mafuta! Hilo ndilo linalonichekesha na kuniuma kwa pamoja. Kwenye habu kuna kidude chenye kifuniko, na babu alikifungua kila mwisho wa mwezi, akadondoshea mafuta ya cherehani ya bibi, matone kadhaa, huku bibi akilalamika kwamba Singer yake inalia. Mzee wa gereji alipolisikia hili alifurahi kuliko lolote lingine nililowahi kumsimulia. Mafuta mepesi kama kijiko cha chai kwa mwezi ndiyo siri yote ya habu hizi. Grisi nzito inavinatisha vijino vya springi vya ndani, vile vinavyoshika gia, visiruke. Babu aliitunza vizuri gia ambayo hakujua kwamba anayo.

Kuna ugomvi kwenye kundi letu ambao hautaisha. Wapo wa kung'arisha na wapo wa kupanda. Wa kung'arisha wananunua rangi ile ile, wanarudisha mistari ya dhahabu kwa brashi ya nywele tatu, wanatafuta kengele ya mwaka ule ule hata kama kengele pekee inawagharimu kuliko nilivyolipa baiskeli nzima. Mmoja wao ana baiskeli ya Rudge ambayo sproketi yake ya mbele imekatwa umbo la kiganja cha mkono, na Humber yenye watu watano wanaokimbia wakilizunguka gurudumu la meno. Kazi nzuri, sikatai. Ukisimama mbele yake unatamani kuvua kofia. Lakini ile Humber hutoka ndani siku zisizo na wingu tu, na Nottingham siku hizo unazihesabu.

Mimi ni wa kupanda, na sijifanyi siegemei upande. Rangi iliyokwaruzwa inaachwa, inapakwa mafuta kidogo ili kutu isisambae, basi. Waya, tairi, chubu na raba za breki vinabadilishwa. Gololi zinaoshwa kwa petroli na kuhesabiwa kwenye kifuniko cha kopo. Siku moja mng'arishaji mmoja aliniuliza mafundi wa kwetu hukarabati vipi baiskeli za kale ili zibaki halisi. Nilimwambia kwetu fundi anakata raba ya breki kutoka kwenye soli ya kandambili, na bushi anaitengeneza kwa bati la kopo la maziwa. Akauliza, je, hapo baiskeli inabaki halisi? Nikamwambia inabaki inatembea. Bwana wa Punjab alicheka mpaka akakaa chini.

Hata hivyo nimeona pia kwa nini mafundi wetu walihangaika vile. Raleigh walikata nyuzi za skrubu kwenye mabeseni ya ekseli, yaani vikombe vya kushikia gololi za ekseli ya pedali, kwa kipimo chao wenyewe, 26 kwa inchi, wakati karibu kila mtengenezaji mwingine Uingereza alitumia 24. Ukinunua kipuri cha kampuni nyingine kinaingia mizunguko miwili halafu kinagoma. Mtu wa Muheza akiwa na beseni la Kichina na fremu ya Raleigh afanye nini? Analazimisha. Ndiyo maana kila fundi niliyemjua utotoni alikuwa na nyundo kubwa kuliko spana yake.

Kiwanda hakipo tena. Siku moja ya Februari mzee alinizungusha Lenton, ambako kilichukua eneo kubwa mno hadi kilikuwa na mitaa yake. Yeye alianza kazi pale akiwa na miaka 15, kwenye mashine za kukata meno ya gia. Mwaka 1951 walitoa baiskeli zaidi ya milioni moja. Mwaka 2000 Sturmey-Archer ya Nottingham ikafikia mwisho, jina na mashine vikauzwa Taiwan, ambako habu za gia tatu bado zinatengenezwa. Mwaka 2002 baiskeli ya mwisho ikaunganishwa. Sasa sehemu kubwa ni kampasi ya chuo kikuu, yenye ziwa na bata. Mzee alinionyesha alipokuwa akisimama na mashine yake. Palikuwa na benchi na mwanafunzi anakula chipsi.

Jengo la ofisi kuu la mwaka 1931 bado limesimama Lenton Boulevard, la matofali, lenye fahari ya zamani. Ndani yake kikawekwa kituo kiitwacho Marcus Garvey Centre, jina la Mjamaika maarufu aliyewatetea watu weusi. Niliposoma jina lile nikadhani nimekosea njia, na ndipo mzee akanieleza jambo ambalo alionekana hapendi kulieleza. Katika miaka ya 1950, wakati kiwanda kikiuza baiskeli Jamaika, Afrika na kila mahali palipokuwa na bendera ya Mwingereza, mtu mweusi aliyeishi Nottingham alikuwa hapati kazi ndani yake. Oswald George Powe, Mjamaika aliyekuwa mwanaharakati mjini hapa, alilifikisha suala hilo kwa Norman Manley, aliyekuwa akiongoza serikali ya Jamaika, na Jamaika ikatishia kuacha kununua baiskeli hizo. Mlango ukafunguka. Baadaye kiwanda kikawa mahali ambapo Wakaribi wengi wa mji huu walipata mkate wao.

Tulisimama pale, baiskeli zetu zimeegemea ukuta ule. Mzee akasema waliokuja ndio waliomfundisha yeye domino. Hakuongeza neno, na mimi sikumuuliza zaidi, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu wa miaka 80 anayabeba kwa namna yake. Lakini usiku ule nilipiga hesabu. Babu alikatwa mshahara ili ainunue baiskeli ambayo, kwa mwaka ilipotengenezwa, yeye mwenyewe asingeruhusiwa kukaza nati yake.

Siku ya safari tunatoka saa 3 asubuhi. Tunafuata mto Trent mpaka Gunthorpe, kisha tunakatiza vijijini kuelekea Southwell, mji mdogo wenye kanisa kubwa lisilolingana na ukubwa wake. Tunatumia asubuhi nzima. Hakuna anayeshindana. Kwenye baiskeli hizi unakaa wima kama hakimu, unaona juu ya ua wa miti, unaona ng'ombe, unaona mama anaanika nguo licha ya mawingu. Mazungumzo yanawezekana. Watu wawili wawili wanakwenda sambamba, na nyuma yao ile sauti: tik-tik-tik-tik, kumi na kitu kwa pamoja, kila habu na mapigo yake. Ni vile vijino vya springi vikiruka ndani. Kwenye gia ya pili na ya tatu vinagonga muda wote. Kwenye ya kwanza, ukiwa unakanyaga pedali, kimya. Kwa hiyo kilima kinapoanza unasikia kundi zima linanyamaza, mmoja baada ya mwingine, kuanzia wazee.

Nisije nikawadanganya kwamba ni starehe tupu. Rimu zake ni za chuma kilichopakwa kromu, na zikilowa, breki inakuwa ni ombi. Unabana, hakuna kitu, unabana tena, unaanza kumkumbuka Mungu, halafu mita 20 mbele inashika kidogo. Mvua ilitukuta kwenye mteremko na nikaingia ndani ya ua wa miiba kwa mwendo wa heshima, madigadi ikalia, nesi mstaafu akashuka kunitoa miiba shingoni kwa ustadi wa mtu aliyesubiri miaka mitano apate mgonjwa. Na kuna ile nafasi ya shetani kati ya gia ya pili na ya tatu. Waya usiporekebishwa vizuri, hapo katikati hakuna gia kabisa. Unasimama juu ya pedali kwa uzito wako wote, pedali inadondoka bila kushika chochote, na wewe unadondokea paipu. Nilijifunza hilo pale Gunthorpe. Sitasimulia zaidi kwa sababu shangazi zangu wanasoma blogu hii.

Southwell tunakaa ukutani nyuma ya kanisa, tunawasha majiko madogo ya spiriti, tunachemsha chai. Miaka yote walikuwa wanachovya mfuko wa majani kwenye maji ya moto na kumwagia maziwa baridi. Safari yangu ya tatu nikaja na tangawizi, iliki na sufuria. Waliinywa kwa mashaka, kisha wakaacha kuja na mifuko yao. Pai ya tofaa hununuliwa mjini hapo hapo, maana tofaa la Bramley, lile chachu la kupikia, lilitokana na mbegu iliyopandwa Southwell mwaka 1809. Wao wanaliambia kila mgeni. Mimi pia siku hizi namwambia kila mgeni.

Niliporudi nyumbani kwa likizo, mzigo wangu ulikuwa na soksi moja nzito. Mzee alichakura makopo yake ya maziwa Jumamosi nzima akitafuta kibonyezo cha gia cha miaka ya 1950, cha kubana kwenye usukani, kikiwa na klipu yake na waya wa urefu wa baiskeli kubwa, na alikataa pesa. Alitaka kitu kimoja: namba iliyopigwa kwenye habu.

Baiskeli sasa iko kwa baba mdogo. Niliikuta chini ya mwembe, imepakwa rangi ya bluu ya milango kwa brashi, gurudumu la mbele la Kihindi, tandiko la plastiki lililofungwa mpira, madigadi hakuna. Mng'arishaji wetu angelia. Gurudumu la nyuma lilikuwa lile lile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea simu?"

"Nimekuletea waya."

Alinitazama kwa huruma. Baba mdogo ana miaka 71 na bado anakwenda mjini kwa baiskeli hiyo kununua dawa ya kuku. Nilifuta habu kwa kanga kuukuu: AW, 54, 3. Machi 1954. Nilipiga picha, nikaituma, na kabla sijasimama mzee alikuwa amejibu kwamba yeye aliingia kiwandani miaka michache baada ya hapo, basi si yeye aliyeyakata meno hayo, lakini anajua nani aliyemfundisha aliyeyakata.

Kazi ilichukua saa nzima, watoto 9 wakishauri. Uzi wa mkonge niliukata mwenyewe. Kinyororo kilikuwa na kutu nje, ila ndani ya ekseli kilikuwa kinang'aa kwa mafuta. Nilipitisha waya juu ya lile kapi, likazunguka safari hii kwa kazi yake. Nikaweka gia ya pili, nikachungulia kwenye tundu la nati ya kulia, nikavuta mpaka bega la kile kijiti cha ndani likalingana na mwisho wa ekseli, nikakaza.

Kutoka nyumbani kwenda barabara kuu kuna kilima ambacho sijawahi kumwona mtu wa ukoo wetu akikipanda akiwa juu ya tandiko. Nilimwekea baba mdogo gia ya kwanza, nikamwambia asishuke. Alishika usukani akitabasamu kwa ajili ya watoto. Akaanza. Akafika kwenye mkorosho ambapo kila mtu hushuka, akapita. Miguu inazunguka haraka, baiskeli inakwenda taratibu, na watoto wanakimbia pembeni bila kuelewa kwa nini mimi nimekaa chini nimeshika kichwa.

Alifika juu. Akageuka, akashuka akirudi, akasimama mbele yangu anahema. Hakusema kitu kwanza. Aliitazama ile baiskeli, akalitikisa gurudumu.

"Imepanda," akasema. "Lakini mbona haisemi?"

Nikaanza kumweleza vijino, springi, gia ya kwanza na ya pili. Alinikatiza kwa ishara ya mkono.

"Mzee alikuwa anarudi mjini usiku, hakuna taa. Mama anaisikia tangu darajani, tik tik tik, anaweka maji ya chai motoni. Akifika, chai tayari." Akakishika kibonyezo kwa kidole gumba. "Ya kwake ni ipi hapa?"

Nikamwonyesha. Akakisukuma mpaka ya tatu, akapanda, akaelekea dukani, na tukaisikia mpaka alipokata kona.